Kabla ya Kujiunga na Kanisa la Presbiteri: Tathmini ya Ibada na Maisha ya PCEA

Watu wanaohamia Nairobi na viunga vyake huuliza mara kwa mara ni kanisa lipi linalofaa familia, na aghalabu majibu wanayopewa huhusu muziki, ukumbi na ufasaha wa mhubiri. Kwa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, ambalo wengi wetu hulitaja kwa herufi zake za PCEA, vigezo hivyo vitatu havitoshi, kwa kuwa linalolitofautisha na majirani zake haliko mimbarini wala kwenye vipaza sauti, bali katika namna linavyotawaliwa. Ninaabudu katika ushirika mmoja wa kanisa hili ulio nje kidogo ya jiji, na ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo mgeni atakutana nayo akiamua kubaki.

Nianze na wazee. Katika kanisa hili mchungaji hamiliki kanisa. Mambo ya ushirika huamuliwa na Baraza la Wazee, ambalo mchungaji huliongoza akiwa mwenyekiti lakini hana mamlaka ya kulipuuza. Juu ya parokia, yaani shirika jirani zilizounganishwa pamoja, ipo presbiteri, inayowaketisha pamoja wachungaji na wazee wa eneo zima, na juu ya presbiteri upo Mkutano Mkuu, unaomchagua Moderata, yaani kiongozi wa kanisa lote, kwa kipindi maalumu. Askofu hayumo katika mpango huo. Mzee huchaguliwa na washiriki wenzake, huwekewa mikono, kisha hukabidhiwa wilaya, yaani kundi la nyumba zilizo jirani, na tangu siku hiyo ni wajibu wake kujua ni nani anaugua, ni nani amefiwa, ni nani amepoteza kazi na ni kijana gani hajaonekana kwa muda. Wapresbiteri hawauchukulii mpango huu kuwa suala la ofisi tu. Huutetea kwa Maandiko, wakitaja ushauri ambao Yethro alimpa Musa katika Kutoka 18 na kikao cha mitume na wazee kule Yerusalemu katika Matendo 15, na nyuma ya hoja hizo kuna fundisho ambalo John Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, alilisisitiza sana huko Geneva: kwamba dhambi imemgusa kila mtu, mwenye joho naye akiwemo, kwa hiyo si salama kumwachia mmoja kundi zima peke yake. Katika mji ambao picha ya mchungaji na mkewe juu ya bango huwa kubwa kuliko jina la Yesu, mimi naona fundisho hilo lina kazi ya kufanya.

Manufaa yake huonekana wazi zaidi wakati wa msiba. Mfiwa hahitaji kumtafuta mtu, kwa sababu mzee wa wilaya hufika mapema, vikao vya kupanga mazishi huanza jioni hiyo hiyo, na akina mama wa Gildi, chama cha wanawake cha kanisa, hushika jiko bila kuombwa. Ningetoa alama zote kwa huduma hiyo. Gharama yake ni mwendo wa kinyonga katika mambo mengine: pendekezo dogo, kwa mfano la kubadilisha saa ya ibada ya vijana, litapita katika kamati, lirudi kwa vijana, liende barazani, na pengine liahirishwe kwa sababu mzee mmoja ana neno. Mwenye haraka atachoka mapema.

Ibada yenyewe ina mpangilio unaotabirika, nami sioni kasoro katika hilo. Kuna wito wa kuabudu, tenzi, maombi ya toba, masomo ya Biblia, mahubiri, matoleo, maombi kwa ajili ya nchi na wagonjwa, kisha baraka. Ukiri wa Imani ya Mitume husemwa kwa pamoja, na ni vyema mgeni ajue kwamba hakuna atakayemshangaa akisoma kutoka kitabuni. Mahubiri ndiyo kilele, na mhubiri anayestahili kusifiwa ni yule anayefuata somo lililosomwa badala ya kurukia habari za wiki, ingawa si wote hufanya hivyo. Anayetoka nje ya jamii za Mlima Kenya aulize kwanza ratiba za lugha, maana sehemu nyingine huwa na ibada ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya Kikuyu au Kimeru kwa saa tofauti. Ya Kiswahili ndiyo ninayoipendekeza.

Kuhusu mafundisho, kanisa hili ni mtoto wa matengenezo ya kanisa huko Uskoti ya mwaka 1560, yaliyoongozwa na John Knox, na lilifika kwetu kupitia wamisionari wa Kiskoti waliofungua kituo Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Biblia ndiyo mamlaka ya juu. Chini yake huja Ungamo la Westminster, lililoandikwa London katika miaka ya 1640, pamoja na Katekisimu Fupi yenye maswali 107, ambayo jibu lake la kwanza linasema kwamba lengo kuu la mwanadamu ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Mungu ana enzi juu ya vyote, na mtu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo yake. Fundisho la uteuzi, kwamba Mungu mwenyewe huwachagua atakaowaokoa, ambalo watu wa nje hudhani ndilo wimbo wa kila Jumapili, ni nadra kulisikia likihubiriwa.

Sakramenti ni mbili tu. Ubatizo hutolewa kwa kunyunyiziwa maji, na watoto wachanga hubatizwa kwa msingi wa agano la Mungu na waumini pamoja na watoto wao, mradi wazazi wawe washiriki kamili. Baadaye kijana hupitia darasa la katekisimu ili aikiri imani kwa kinywa chake mwenyewe. Meza ya Bwana haiandaliwi kila wiki, na inapoandaliwa wazee ndio wanaowapelekea watu mkate na vikombe vidogo pale walipoketi. Katika ibada zote, hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine.

Lakini Meza hiyo inalindwa, na hapa msomaji hana budi kujua anachoingia. Baraza la Wazee linaweza kumsimamisha mshiriki asishiriki Meza kwa sababu ya mwenendo wake, na cheo au kipaji havimkingi. Jomo Kenyatta, aliyebatizwa katika misheni ya Thogoto, huko Kikuyu, mwaka 1914, aliitwa mbele ya wazee mwaka 1920 na kusimamishwa kwa ajili ya ulevi na kwa kuishi na Grace Wahu bila ndoa ya Kikristo, nalo suala la ndoa likamalizika mwaka 1922. Nidhamu hiyo ina historia chungu pia: mwaka 1929 misheni, ikiongozwa na Dakta John Arthur, iliwataka waumini waukane ukeketaji kwa tamko la wazi lililotiwa sahihi au alama ya kidole, na idadi kubwa iliondoka na kuanzisha shule na makanisa yake huru. Kwa maoni yangu kanisa lilikuwa na haki kuupinga ukeketaji, ila njia ya kumshurutisha mtu kwa alama ya kidole iliwapoteza wengi ambao mazungumzo yangewabakiza. Siku hizi adhabu ni laini zaidi, lakini wanandoa wa kimila wanaotaka mtoto wao abatizwe watarajie kuulizwa maswali.

Wanawake wana nafasi pana kuliko mgeni anavyodhania. Nyambura Njoroge aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1982, wa kwanza katika kanisa hili, na leo wanawake huketi barazani wakiwa wazee. Gildi, pamoja na vitambaa vyake vya kichwani, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi inayosifiwa kwa jina la ushirika mzima.

Linalonikera ni fedha, au tuseme wingi wa maneno kuhusu fedha. Wito wa Jitegemea ulitokana na msimamo wa heshima, wa akina Mchungaji John Gatu, ambaye mwaka 1971 alidai wamisionari na fedha za kigeni visimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Kujitegemea huko huletwa Jumapili kwa sura ya bahasha: ya fungu la kumi, ya ujenzi, ya wilaya, ya harambee ya parokia jirani. Matangazo yake yanaweza kukaribia urefu wa mahubiri, hata mtu akajikuta anamhurumia mhubiri aliyeandaa hoja zake kwa wiki nzima. Kwa upande wa matangazo alama zangu ni chache mno, japokuwa hesabu husomwa hadharani, na hilo si jambo la kila kanisa.

Anayetaka kujiunga akitoka ushirika mwingine aje na barua kutoka huko, aikabidhi kwa karani wa Baraza, na aombe kuonyeshwa wilaya yake mapema. Mikutano ya wilaya hufanyika katika nyumba za washiriki, na zamu ya kuwakaribisha wengine haikawii kumfikia mgeni.