Mnada wa ndege za bima: tuliyoyapata kwa Cessna 172 iliyokunjika gurudumu la mbele

Mimi na mwenzangu ni mafundi wa ndege ndogo hapa Kisauni, Unguja, na mwaka jana tulinunua Cessna 172 iliyoharibika kupitia kampuni ya mnada ya Marekani inayouza mali za kampuni za bima. Wenzetu wa Unguja na Pemba wamekuwa wakituuliza iwapo huduma hiyo inafaa, nami naona jibu la neno moja litawapotosha.

Bima ikiona kuwa gharama ya matengenezo inakaribia au kuzidi thamani ya ndege iliyokatiwa, humlipa mwenyewe fidia kamili na kuichukua ndege, kisha huiuza kwa dau la siri, yaani kila mnunuzi hupeleka bei yake bila ya kujua ya mwenziwe, na bima ina haki ya kuyakataa madau yote. Ndege huuzwa kama ilivyo na pale ilipo. Kuifungua, kuipakia na kuihifadhi ni juu ya mnunuzi, na ada ya uhifadhi huanza kuhesabiwa mapema kuliko mtu wa visiwani anavyoweza kupata meli.

Kuhusu ajali yenyewe, tangazo lilikuwa la kweli. Lilisema gurudumu la mbele lilikunjika wakati wa kutua na propela ikapiga lami, na picha zilionesha ncha zote mbili zimepinda. Lycoming, watengenezaji wa injini ile, wanataka injini iliyopata pigo la namna hiyo ifunguliwe na kukaguliwa ndani hata kama inawaka vizuri, kwa kuwa ufa wa krenkishafti, yaani mhimili wa ndani ya injini unaoizungusha propela, hauonekani kwa nje. Kwa hiyo injini hatukuihesabia thamani; dau letu la dola 11,500 lilikuwa kwa ajili ya mabawa, mkia na vifaa vya dashibodi.

Kontena la futi 40 lilipofika bandari ya Malindi hapa Unguja na kutolewa forodhani, niliinua zulia la sakafu nyuma ya kiti cha rubani. Unga mweupe, yaani kutu ya alumini, ulikuwa umezizunguka ribiti, na nilipoukwangua kwa ukucha, alumini ilitoka magamba membamba kama ya kitunguu. Ndege ile ilikuwa imekaa pwani kwa miaka mingi, na kati ya picha zote tulizotumiwa hakuna hata moja iliyopigwa chini ya sakafu.

Lakini kilichotuumiza zaidi ni vitabu vya kumbukumbu za matengenezo ya ndege. Tangazo lilisema vipo. Vilikuja viwili, kimoja cha injini na kimoja cha bodi, na hicho cha bodi kinaanzia katikati ya maisha ya ndege. Asiyekuwa fundi anaweza kuyaona hayo kuwa ni makaratasi tu, ila kwetu ni zaidi ya nusu ya bei, kwani kipuri kisichokuwa na historia, wala hati ya kukiidhinisha iliyotiwa saini na karakana yenye kibali, hakiwezi kufungwa kwenye ndege ya usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, inayobeba abiria, hata kikiwa kinang'ara kama kipya.

Wafanyakazi wa kampuni ile ya mnada ni waungwana, hujibu barua ndani ya siku moja, na fedha zetu zilishughulikiwa kwa uwazi. Ningenunua kwao tena, lakini kwa sharti kwamba kabla ya kuweka dau nimlipe fundi wa kule kule afungue vifuniko vya ukaguzi na sakafu, na nitumiwe picha ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kila kitabu.

Bawa la kulia halina kasoro hata moja. Limelala karakanani juu ya magodoro mawili, limefunikwa turubai, likisubiri kitabu cha mwanzo, na wiki iliyopita nimewapelekea barua ya tatu.