Hita moja ya wati 200 au mbili za wati 100?

Kwa tangi la samaki la lita 200 sebuleni Nairobi, ambako usiku wa Julai huwa na baridi, zote hushikilia maji kwenye nyuzijoto 25. Tofauti huonekana siku ya hitilafu.

Hitilafu mbaya kabisa ni swichi ya ndani ya hita kukwama ikiwa imewaka. Wati 200 hupandisha lita 200 kwa nyuzijoto 1 kila dakika 70 hivi. Usiku mmoja unaweza kutosha kuwaua samaki. Wati 100 huchukua muda maradufu, na joto linalopotea huizuia kufika mbali. Hita moja kati ya mbili ikifa, nyingine hupunguza kasi ya maji kupoa, nawe unapata muda wa kwenda dukani.

Hita moja ni nafuu, lakini ichomeke kwenye kidhibiti joto cha nje (kifaa kinachokata umeme wa hita maji yakifika joto lililowekwa) kilichowekwa 25, hita yenyewe 26. Kihisi chake cha joto kifungwe imara: kikitoka majini, kidhibiti hudhani maji yamepoa.

Sisi tungechagua mbili, karibu na mkondo wa pampu. Zizime dakika 15 kabla ya kupunguza maji, la sivyo kioo cha hita huweza kupasuka.