Vanila niliyoagiza mtandaoni: uzoefu wangu

Nimekaa na hii vanila karibu miaka mitano sasa kwa hiyo naona nina haki ya kusema. Ndiyo, ni ileile lavani, kumbe ni mmea unaotambaa tena ni okidi, mi nilikuwa sijui.

Niliagiza rando moja, likaja limefungwa kwenye gazeti, pingili tano hivi, pamoja na kikaratasi: fukia ardhini, mwagilia kila siku, maua mwaka wa kwanza. Nikafuata neno kwa neno. Wiki ya tatu nikaligusa shina likabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, chini jeusi na linanuka. Nikamwandikia muuzaji akanijibu eti umezidisha maji, wakati kikaratasi ni chake! Nyota moja, na hiyo moja ni ya gazeti, alilifunga vizuri.

La pili nilichukua kwa mtu mwingine. Nikaliacha kivulini wiki nzima bila kulipanda mpaka pale lilipokatwa pakakauka, ndo nikalilaza juu ya makumbi ya nazi na vipande vya magome, nikalifunga kwenye nguzo kwa kitambaa laini. Udongo wa bustani sahau kabisa, mizizi yake inataka hewa, kila pingili inatoa kamzizi kanakoshika nguzo na ukijaribu kukabandua kanakatika. Jua kali la mchana nalo linababua majani. Halafu utomvu unawasha jamani, nilikata ncha bila glavu nikajikuna siku mbili.

Miaka miwili ni majani tu. Likafika darini, ndo nikaja kujua ukiliacha lizidi kupanda linachelewa sana kutoa maua, inabidi ulikunje ncha ining'inie. Mwaka wa tatu likachanua! Ua la kwanza nililikuta limefunguka asubuhi, nikalipiga picha nikaenda kazini, jioni narudi limesinyaa. Kumbe linakaa siku moja tu, tena hata siku yenyewe haiishi.

Na ndani ya nyumba hamna mdudu wa kukusaidia, unachavusha mwenyewe. Njia inayotumika mpaka leo aliigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 hivi kisiwani Réunion mwaka 1841. Unachana mdomo wa ua, unachukua kijiti cha meno unainua kale kangozi kanakotenganisha chavua na sehemu ya kike, halafu unabonyeza kwa kidole gumba vigusane, basi. Kusema ni rahisi, langu la kwanza nililichana lote, la pili nikalibonyeza mpaka likakatika, la tatu likashika. Utajuaje limeshika? Linanyauka lakini halidondoki.

Nikapata maganda manne, nikayasubiri miezi tisa, nikayachuma, nikanusa, hamna kitu, majani matupu! Harufu inakuja baadaye, unayachovya kwenye maji ya moto (yasichemke), unayafunika yatoe jasho, unayaanika wiki baada ya wiki. Mawili yaliota ukungu kwa sababu ya haraka zangu za kuyafungia kwenye chupa, mawili yaliyobaki yamenukiza kabati zima.

Saa hizi kuna machipukizi ya maua yanavimba tena, kazini nimeshawaambia asubuhi za mwezi huu nitachelewa.