Doctor Who: Davies abaki, au aje mwingine?

Mashabiki wa Doctor Who, tamthilia ya msafiri wa wakati aitwaye Doctor, wamegawanyika: mwandishi wake mkuu, Russell T Davies, aendelee kuiongoza, au ampishe mwingine?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Tamthilia hii ya BBC ilianza 1963, ikasimamishwa 1989, na ni yeye aliyeirudisha hewani 2005 ikapendwa na familia nzima. Na kuandika anajua. Kile kipindi cha 2008 cha abiria waliokwama ndani ya chombo kimoja, mwanamke mmoja akirudia kila neno wanalosema mpaka wakataka kumtupa nje, hakina hata zimwi la kuonekana. Ni hofu tupu.

Lakini aliporudi 2023, safari hii na fedha za Disney, alizidi kufukua makaburi. Sutekh, adui wa 1975, akafufuliwa; Rani, adui wa 1985, naye akafuata. Mei 2025 Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda aliyeigiza Doctor, akaondoka baada ya misimu miwili tu. Doctor hubadilika sura mwigizaji anapoondoka, na sura iliyochukua nafasi yake ikawa ya Billie Piper, nyota wa msimu wa 2005! Hapo hata sisi tunaompenda tulichoka.

Kiongozi mpya naye si dawa ya kila ugonjwa. Chris Chibnall, aliyeshika usukani kuanzia msimu wa 2018, alibadilisha asili ya Doctor mwenyewe, na ugomvi huo haujapoa. Hata hivyo kosa la kuthubutu nalisamehe upesi kuliko la kurudia. Kura yangu ni kwa mwandishi mpya, kwa sharti moja: maadui wa zamani wapumzishwe msimu mzima.