Slabu ya joisti za chuma juu ya nyumba ya mama Kisauni, Mombasa, uzoefu wangu baada ya mwaka na nusu

Mie si fundi wala si injinia, mie nlikuwa yule mtu wa kulipa na kununulia vijana soda. Lakini tangu nipandishe ghorofa juu ya nyumba ya mama watu waja mlangoni kuuliza hizo joisti za chuma zikoje, zashika kweli, hazili kutu, na kila mara naeleza yale yale mpaka chai yapoa. Leo naandika yote, anayeuliza namtumia.

Nyumba yenyewe ni ya chini, kuta za mawe ya matumbawe yale ya kuchongwa, paa mabati, na msingi alioujenga marehemu baba bila kuwaza kama siku moja kutakuwa na watu juu. Ni mita 10 kwa 12, na katikati kuna ukuta mnene unaoigawa nyumba mara mbili, kwa hivo kila upande ni mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta. Injinia alipokuja akachimbua kando ya msingi mahali pawili, akachungulia, akasema slabu ya kawaida, sakafu ya konkriti ya unene wa sentimita 15, hapa haipandi, msingi hautaibeba. Nikamwambia sentimita 15 si kitu ndugu yangu. Akatoa simu akapiga hesabu nikiona: mita moja ya ujazo ya konkriti ina uzani wa kama kilo 2,400, kwa hivo slabu hio ni kilo 360 kila mita mraba, nyumba nzima tani 43, na hapo hujaweka ukuta, hujaweka kabati, hujaingiza mtu. Nikanyamaza.

Akasema tutafanya joisti za chuma na konkriti nyembamba juu yake. Joisti ni ule mtaimbo mrefu wa chuma wenye ubavu wa juu na ubavu wa chini, na katikati vyuma vya mshazari vinapanda na kushuka kama meno ya msumeno, wazi, waweza kupitisha mkono. Zetu zilikuwa na kimo cha sentimita 30 na kitu, zinalazwa kutoka ukuta hadi ukuta, baina ya moja na nyengine mita 1.25, halafu juu unamwaga konkriti ya sentimita 7.5 tu. Ujanja wote uko kwenye ubavu wa juu: haukai chini ya konkriti, unazama ndani yake, vikishikana vinakuwa kitu kimoja. Ukisimama katikati ya chumba sakafu yataka kupinda, juu yajikunyata na chini yajivuta. Konkriti kwa kubanwa ni pahali pake, kwa kuvutwa ni bure, na chuma cha chini ndicho kinachovutwa. Kila mmoja anafanya anachokiweza. Ile hesabu ya tani 43 ikateremka ikawa 22 hivi, na joisti zote 14 pamoja hazikuzidi tani moja kwa kukisia.

Niliposikia hivo nikakumbuka nyumba ya bibi Mji wa Kale. Wenye kuzijua zile nyumba watanielewa, ukilala chali watazama boriti za mkoko zimepangwa moja moja, juu yake mawe ya tumbawe, juu yake chokaa na kokoto iliyopigwa mpaka ikashikana. Si kitu kimoja hiki jamani? Tofauti ni kuwa boriti na ile chokaa hazishirikiani vile, boriti peke yake ndiyo inayobeba, na mkoko una urefu wake, ndiyo maana vyumba vya zile nyumba ni virefu lakini vyembamba, hata mita 3 kwa upana hupati. Mie nina 6 bila nguzo katikati. Bibi angeona angesema ni ukumbi wa harusi.

Jambo jengine lililonivuta ni propu, zile nguzo za muda za kushikilia konkriti mbichi. Slabu ya kawaida yataka msitu wa propu chini na mbao juu, na zinakaa wiki mbili, tatu, kuingia chumbani ni kwa kujipinda. Joisti zinabeba konkriti mbichi zenyewe, plaiwudi za kumwagia zinakaa baina ya joisti na joisti, zimeshikiliwa na vyuma vya kupita, hakuna kinachosimama chini. Na mama alishatoa amri. Alikubali kwenda kukaa kwa khalati Majengo kwa muda tu, akaniambia, "Mwanangu, mwezi wa tumu (Ramadhani) ukiandama mie niko jikoni kwangu, mumalize musimalize." Nani anabishana na hapo.

Sasa balaa. Karakana iliyonitengenezea joisti siitaji jina, lakini walichelewa wiki tatu kila siku "kesho inshallah". Zilipofika nikakuta zote zimepinda kidogo kwenda juu katikati, kama mgongo wa paka. Nikawaka, nikapiga simu nikawatukana karibu (si karibu, niliwatukana), nikasema rudisheni vyuma vyenu vibovu. Injinia akaja akacheka mpaka akakaa chini. Zinafanywa hivo makusudi, uzito wa konkriti mbichi ukizikalia zinanyooka, zingekuja zimenyooka zingeishia kubonyea tumboni. Ikabidi nipige simu tena niombe radhi, na wallahi iliniuma maana kwa kuchelewa nilikuwa bado nawadai.

Lakini kosa la kweli lilikuwepo na sikuliona siku hio. Tulikubaliana joisti zote zichovywe kwenye zinki ya moto zisile kutu. Katika zile 14, zilizochovywa zilikuwa 8, zile 6 zilipakwa redi oksaidi tu, ile rangi nyekundu ya kawaida ya chuma. Mie niliona nyengine za kijivu nyengine nyekundu nikadhani ndivo zinavokuja. Kwa mtu wa bara pengine si neno. Hapa Mombasa upepo wenyewe una chumvi, weka baiskeli nje msimu mmoja wa kusi uone. Injinia alipogundua muda ulikuwa umeenda, tukazisugua zile 6 na brashi ya waya, tukapaka rangi ya zinki mara mbili, karakana wakarudisha pesa kidogo baada ya mvutano. Matokeo yake ntawaambia mbele.

Kabla ya kuzipandisha tulizungusha ringi bimu ya konkriti juu ya kuta zote, manake tumbawe ni jiwe laini, ukilaza ncha ya joisti juu yake moja kwa moja linasagika polepole. Kila ncha imekalia bimu sentimita 10. Kupandisha hatukuhitaji krini, vijana wanne na kamba, joisti moja ni kama kilo 70, asubuhi moja wakawa wamemaliza upande mmoja na bado wanapiga soga.

BRC, ule wavu wa waya wa chuma unaozama ndani ya konkriti, ndio inataka jicho. Tulitumia A142, ile ya waya milimita 6 kila sentimita 20, na haikulazwa bapa. Juu ya joisti inapita juu, baina ya joisti mbili inaachiwa ishuke chini kama kamba ya kuanika nguo. Fundi wetu, ami mmoja mzee anayejua kazi yake, alitaka kuivuta ikaze kama ngoma, akaona ile kulegea ni uchafu. Walibishana na injinia robo saa nzima. Kwa nilivoelewa, juu ya joisti konkriti yataka kupasuka kwa juu, na katikati yataka kupasuka kwa chini, basi waya unafuata pale panapotaka kupasuka.

Siku ya kumwaga tulianza baada ya alfajiri tukimbie jua. Mita 9 za ujazo, mifuko 70 na ushei ya saruji, miksa moja, tukamaliza kabla ya laasiri, mchanga wa mto na si wa baharini tafadhali, chumvi ukiitia mwenyewe ndani usimlaumu mtu. Kisa kimoja tu, vijana wa wilibaro walianza kurundika konkriti mahali pamoja wasambaze baadaye kama walivyozoea. Injinia alipiga ukelele nikadhani mtu ameanguka. Joisti zinabeba zege iliyotandazwa, rundo moja kubwa juu ya joisti moja ambayo bado haijashikana na kitu ni hatari. Wakaanza kutandaza wakienda. Siku ya nne plaiwudi zikatolewa, na tukaendelea kuimwagia maji asubuhi na jioni na kuifunika magunia wiki nzima, kwa jua letu hili ukizembea siku moja unaona nyufa kama kiganja cha mzee. Mama alirudi siku mbili kabla ya mwezi kuandama, akakagua dari, akauliza nguzo ziko wapi.

Plamba sasa. Ule uwazi wa joisti ni raha, paipu na waya zote zimepita ndani yake, hakuna kutoboatoboa. Ila paipu ya choo ya inchi 4 ilikutana na chuma kimoja cha mshazari, plamba akachukua grainda akate "kidogo tu". Mie nilikuwa pale kwa bahati. Ukikata mshazari mmoja umeua joisti nzima, kila kimoja kinapokea mzigo kutoka kwa mwenzake. Tukaihamisha paipu hatua moja. Ukijenga hivi usiondoke saiti siku ya plamba, kuliko hata siku ya kumwaga.

Kuishi nayo kukoje? Miezi ya mwanzo kabla ya kuta za ndani, nilikuwa natembea nahisi sakafu inanijibu, si kuyumba, ni kama inaitikia. Mke wangu akitwanga kinu juu, mama chini vikombe vinalia kabatini. Injinia alisema sakafu nyepesi ndivo zilivo, zina nguvu lakini zinatetemeka kuliko nzito. Kuta za ndani zilipoingia (za bodi, si mawe, mawe yangerudisha uzito wote ule) na makabati yakajaa, ikapungua sana. Kinu lakini kimehamia uani na hakirudi. Kelele za watoto bado mama anazisikia, anasema anajua nani kavaa viatu.

Pangaboi lilinisumbua kijinga. Kwenye slabu ya kawaida fundi anazamisha kulabu popote, hapa ukitaka kulining'iniza ni kwenye joisti au uache kulabu kabla ya kumwaga, na sentimita 7.5 si nene ya kuchezewa na drili. Mie sikuwaza. Sebuleni kwa mama pangaboi liko upande, si katikati, na kila mgeni anauliza.

Chini tumefunga dari ya bodi za jipsamu, na si kwa urembo. Chuma kilicho wazi moto ukikifikisha digrii 550 hivi kinabaki na nusu ya nguvu zake au karibu na hapo, na mama anapika na gesi. Jikoni tumeweka bodi mbili. Ila usifunge kote ukasahau, acha kidirisha cha kufungua. Mie nimeacha viwili, na hapo narudi kwenye zile joisti 6. Mwezi uliopita nimefungua. Zile 8 za zinki ya moto ni kijivu vile vile kama zilivokuja. Katika zile 6, nne ni nzima, mbili zilizo karibu na bafu na dirisha la kusini zina madoa ya kutu kwenye maungio ya kuchomelea, madogo, kama ukubwa wa dengu, lakini yapo. Mwaka na nusu tu.

Bei. Msidanganywe kuwa ni rahisi. Nilichosevu kwa saruji, kokoto na kukodi propu kimeliwa na chuma na rangi, mwisho wa hesabu ni karibu sawa. Kama msingi wako ni mpya na imara na huna haraka, mwaga slabu yako ya kawaida ulale. Mie sikuwa na msingi huo, na nlikuwa na mama. Nyota 4 kwa sakafu, karakana nawapa 2, na hio moja ya ziada ni kwa ule mgongo wa paka niliowatukania bure.

Brashi ya waya na kopo la zinki viko chini ya ngazi, Jumamosi napanda tena na tochi, mama ameshaniambia nitandike magazeti kwanza nisimwagie kutu kwenye makochi.