Mwongozo wa Kununua Vitabu vya Kuchekesha vya Wanyama Wapelelezi kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Mzazi anayetafuta kitabu cha kuchekesha ambacho mpelelezi wake ni mnyama hana budi kuuliza kwanza kicheko chenyewe kinatoka wapi. Vitabu vinavyotajwa hapa vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi akitegemea mno kuchezea maneno, mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani atabaki kuwatazama wenzake wakicheka. Kwa hiyo nimevipanga kwa kigezo kimoja: je, msomaji anaweza kuuona ukweli kabla ya mpelelezi, akamcheka?

Nafasi ya kwanza naipa Hank the Cowdog cha John R. Erickson, kilichotoka mwaka 1983 na kuzaa mfululizo wa vitabu zaidi ya 70. Hank ni mbwa wa ranchi huko Texas, aliyejipachika cheo cha mkuu wa ulinzi, na ndiye anayesimulia kila kitu kwa majivuno makubwa. Katika kitabu cha kwanza anachunguza mauaji ya kuku, kisha anageuka kuwa mshukiwa yeye mwenyewe. Na msaidizi wake Drover, kila hatari inapokaribia, huanza kulalamikia mguu. Mtoto aliyekulia kwenye hadithi za Sungura na Fisi atamtambua Hank mara moja.

Kinachofuata ni Bunnicula cha Deborah na James Howe, cha mwaka 1979. Mbwa Harold anasimulia jinsi paka Chester, msomaji kupindukia, anavyomshuku sungura mgeni kwamba anafyonza mboga, kwa kuwa nyanya imekutwa jikoni ikiwa nyeupe pe. Sehemu moja itahitaji maelezo ya mzazi: Chester anamdhania sungura kuwa mnyonya damu wa hadithi (vampire), naye amesoma kwamba kiumbe huyo huuawa kwa kigingi, na kwa kuwa katika Kiingereza kigingi (stake) na mnofu wa nyama (steak) hutamkwa sawa, anamwekea sungura kipande cha nyama na kuanza kukigonga.

Kwa mtoto mvivu wa kusoma, chukua InvestiGators cha John Patrick Green, cha mwaka 2020, ambacho ni katuni za rangi. Mzaha wa maneno umejaa, lakini picha za mamba wawili, Mango na Brash, wakisafiri kupitia mabomba na kuibukia chooni hazihitaji tafsiri.

Basil of Baker Street cha Eve Titus, cha mwaka 1958, kinamfaa anayemjua tayari Sherlock Holmes, mpelelezi maarufu wa hadithi za Kiingereza, kwa kuwa Basil ni panya anayemuiga. Mfululizo wa Chet Gecko wa Bruce Hale, ambao shujaa wake ni mjusi kafiri, naupenda mimi mwenyewe, ila nimeuweka mwisho kwa sababu karibu kila aya ni fumbo la Kiingereza.

Ukinunua cha mtumba, kagua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Nakala yetu ya Hank ilikuja bila kurasa hizo, nikalazimika kumtungia mwanangu mwisho, naye hakuuamini.