Dola zangu zilivyoitwa mitumba Kampala

Ubao wao unadanganya. Nimeanza na hilo ili mwenye haraka asome aishie hapo.

Duka lenyewe la kubadilisha fedha liko Kampala Road, jina sitaji. Nje kuna ubao wa taa nyekundu unaousoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Siku hiyo, ni juzi juzi tu kabla shule hazijafunguliwa, dola walikuwa wanainunua shilingi 3,650 za Uganda. Nikapiga hesabu hapo hapo mlangoni: noti zangu saba za mia mia, mzigo wa nguo za watoto Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, unalipika, nauli ya kurudi Bukoba ipo, na kitu kinabaki. Kumbe bei ya ubaoni ni ya dola wanazozipenda wao.

Dada wa dirishani alizipokea bila hata kuitikia salamu. Akazitandaza kama karata, akachukua moja, akaikwaruza kwa kucha kwenye kola ya koti la yule mzee Franklin aliyechorwa kwenye noti, akaielekeza kwenye taa, akaigeuza. Mbili akaziweka kulia. Nne kushoto. Ya saba akairudisha kwangu kwa ncha ya kidole, kwenye kile kijishimo cha chini ya kioo, maana ina kidoa cha wino pembeni. Kidoa chenyewe kidogo kuliko punje ya choroko! "Hii hatuchukui, nnyabo," yaani mama. Na hizo nne? Ni za 2006, hazina ule utepe wa buluu wa noti mpya. Hizo 3,400.

Piga hesabu mwenyewe. Shilingi 250 kwa kila dola, dola mia nne, ni laki moja ya Uganda imeyeyuka nikiwa nimesimama. Nikamwuliza, mbona ubaoni hamkuandika? Akanionyesha kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu kwenye kioo, chini usawa wa kiuno changu, maandishi madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Taa nyekundu ya bei iko juu barabara nzima inaiona, masharti mpaka uiname.

Hata hilo ningelimeza. Kilichonichemsha ni alichomwambia mwenzake wa dirisha la pili. Alisema kwa Kiganda, akijua mimi ni wa kutoka Tanzania sitaambulia kitu, kwamba hawa watu kila wakija wanaleta dola za mitumba. Wakacheka wote wawili. Dada yangu, mimi ni Mhaya! Kiganda nimekisikia tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Nikamjibu kwa Kiganda hicho hicho, chenye Kihaya ndani lakini kinaeleweka, kwamba mitumba kwao ndiyo imejenga nusu ya soko lao la Owino, kwa hiyo asiidharau. Kicheko kikakatika. Samahani lakini haikuja.

Sasa subiri. Wakati naokota noti zangu, dirisha la pili kuna baba mmoja ananunua dola, anasema anakwenda Guangzhou kufuata mzigo. Nikaona anahesabiwa. Katikati ya zile noti kuna za zamani, hazina utepe wa buluu, sawasawa na zangu! Kwa bei gani? Bei ya kuuzia ya ubaoni, nzima, haijapunguzwa hata senti. Yaani noti ikitoka mkononi kwangu ni kuukuu, ikitoka kwenye droo yao ni mpya. Nilimwambia yule baba aangalie anachopewa. Mlinzi akasogea karibu yangu, kwa upole nimpe haki yake, akaniomba nikae pembeni.

Na mwenye noti zake hajazikataa. Marekani wanasema noti zao zote za Federal Reserve, benki kuu yao, tangu za 1914, bado ni pesa halali kwa thamani iliyoandikwa, ziwe na utepe au zisiwe nao. Ile ya mia yenye utepe imeanza kutoka 2013 tu. Najua wenye maduka wanavyojitetea: wanaogopa bandia, na wao zikiwalalia hawana pa kuzipeleka. Sawa. Basi msiziuze!

Mtu ataniuliza kwa nini nisibebe shilingi zetu nikachenji mpakani. Mutukula bei ya shilingi ya Tanzania si mbaya, lakini kusimama na milioni kadhaa katikati ya vijana walioshika mabunda, mmoja anahesabu mwingine anakusemesha, moyo wangu hauwezi. Na ukiivusha mpaka Kampala inanunuliwa kwa bei ya kutupa. Kadi ya benki nayo huko Kikuubo ni pambo la pochi. Simu inasaidia, mdogo wangu anaweza kumtumia mwenye duka kutoka Bukoba, ila mwenye duka atakwambia tuma na ya kutolea, na Uganda kutoa pesa kwenye simu kuna kodi ya nusu asilimia ya serikali, mbali na makato ya mtandao. Ndiyo maana tunahangaika na dola.

Nisiwe mbaya kupitiliza. Zile noti mbili nilichenji pale, nikapewa 730,000 kamili, mashine imehesabu mbele ya macho yangu, risiti ina muhuri, leseni ya Benki Kuu imetundikwa ukutani. Bei yao ya noti mpya ilikuwa juu kuliko majirani wote niliowapitia. Nyota tatu, nikasema moyoni.

Halafu nikafika Kikuubo. Ndani ya jengo moja la maduka kuna kijana ana kidirisha chembamba cha kubadilishia, feni inapiga kelele, hana hata ubao wa taa. Akaniambia mapema kabla sijatoa pochi: za zamani 3,580, mpya 3,640. Ile yenye kidoa akaitazama mara moja akaitia na mpya wenzake. Akaniuliza safari ilikuwaje, mama. Nyota tatu nimezifuta, wabaki na moja, na hiyo moja ni ya mlinzi.

Ila biashara ni biashara. Mzigo ujao nikiwa na noti mpya tupu, na ubao wao ukiwa juu kwa shilingi hamsini, nitaingia. Nitamsalimia kwa Kiganda tangu mlangoni.